Pingili imebonyea: kusubiri, simenti, puto au vyuma?

Mama mkubwa alikuwa anainua ndoo ya lita kumi, na hata haikuwa imejaa. Anasema kitu kilialika mgongoni kama kijiti kikavu, akakaa chini palepale kwenye ukingo wa karo. Hakuanguka, hakugongwa na mtu. Ana miaka 71, mwembamba, hedhi ilimkoma mapema, na kwa miaka mingi amekuwa akimeza steroidi kila pumu inapombana. Hospitali ya kwanza walimpiga eksirei ya kiuno, wakamwambia pingili zimesagika, uzee huo mama, wakampa diklofenaki na mkanda. Kiuno ndicho kilichokuwa kinauma, kwa hiyo kiuno ndicho kilichopigwa picha. Pingili iliyovunjika ilikuwa juu zaidi, ya 12 ya kifua, imekatwa nusu na ukingo wa filamu.

Mimi ni fiziotherapisti, na filamu hiyo niliiona siku ya tisa. Kufikia hapo kundi la WhatsApp la familia lilikuwa linachemka. Hospitali ya pili, ya binafsi, ilikuwa imetaja simenti: analala leo, kesho anatembea. Binamu yetu wa Muscat akasema simenti imepitwa na wakati, siku hizi watu wanawekewa puto. Kaka akataka apelekwe India akafungwe vyuma, mambo yaishe. Mama mkubwa mwenyewe, amelala chali na mto chini ya magoti, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, nisipofanya chochote nitakuwa kibiongo?"

Haya ndiyo niliyowaeleza, ila hapa nimeyapanga vizuri kidogo kuliko yalivyonitoka siku ile.

Kilichovunjika ni nini

Neno "kusagika" kwetu linabebeshwa kila maumivu ya mgongo. Wengi wanaoambiwa pingili zimesagika wana uchakavu wa diski na viungo vidogo vya mgongo, na hao hawahusiki na simenti wala puto. Ninaowazungumzia ni wale ambao sehemu ya mbele ya pingili, lile tofali linalobeba uzito, imebonyea kama kopo lililokanyagwa, kwa kuwa mfupa umepungua na kubaki matundu matundu. Huo ndio ugonjwa wa osteoporosisi. Mara nyingi mbele hubonyea zaidi kuliko nyuma, pingili inakuwa kama kabari, na mwenye nayo anainama. Zinazovunjika zaidi ni ya 12 ya kifua na ya kwanza ya kiuno, pale mbavu zinapoishia na mgongo unapoanza kupinda kwa uhuru. Maumivu yake hushuka chini, kwenye nyonga na ubavuni, na ndiyo maana picha ya kiuno peke yake inaweza kuikosa.

Jambo jingine linalochanganya: takriban thuluthi moja tu ya mivunjiko hii ndiyo hujulikana wakati inapotokea. Iliyobaki hupona kimya kimya, mtu akidhani ni uchovu wa shamba. Miaka ikipita anapigwa picha kwa sababu nyingine, zinaonekana pingili tatu zilizobonyea. Ipi inauma leo? Labda moja. Labda hakuna.

Tarehe kwanza

Hapa ndipo mabishano ya familia yalipokwenda kombo. Watu walikuwa wanalinganisha simenti na puto kama wanavyolinganisha simu mbili dukani, na hakuna aliyeuliza pingili ilivunjika lini. Mvunjiko mpya una maji ndani ya mfupa. Kwenye MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, kwa aina ya picha inayoitwa STIR, pingili hiyo hung'aa nyeupe katikati ya wenzake waliofifia. Uliokwisha kupona haung'ai, na kuutia simenti ni kuziba ufa uliojiziba wenyewe. Daktari wa mgongo akikuandalia chumba cha upasuaji bila MRI, muulize kwa adabu amejuaje kwamba ndiyo hiyo. Ikiwa MRI haiwezekani, kwa mfano mgonjwa ana kifaa cha moyo kisichoruhusu, kuna siti skani, kuna kulinganisha na filamu za zamani, na kuna kipimo cha bure kabisa: kumgongagonga mgonjwa taratibu kwa ngumi kutoka shingoni kushuka chini. Akifika penyewe, ataruka.

Picha hiyo ina kazi nyingine ambayo huku kwetu ni kubwa kuliko inavyoandikwa kwenye vitabu vya Ulaya. Si kila pingili iliyobonyea ni ya osteoporosisi. Kifua kikuu cha mgongo kipo, na kinaweza kuanza pole pole kwa mtu asiyekohoa hata siku moja. Chenyewe hupenda kula diski pamoja na pingili mbili zinazopakana nayo, na hukusanya usaha pembeni. Mvunjiko wa osteoporosisi kwa kawaida huiacha diski salama. Kuna pia saratani iliyosambaa kutoka kwenye titi au tezi dume, na mieloma, saratani inayoanzia kwenye uboho. Homa za jioni, kutokwa jasho usiku, kukonda, maumivu yasiyopungua hata mtu akilala: hizo ni dalili za kusimamisha mazungumzo yote ya simenti mpaka ijulikane kuna nini. Kusukuma simenti ndani ya pingili yenye vijidudu ni kujitafutia balaa. Kwa upande wa saratani, sindano ileile inayopitisha simenti inaweza kutangulia kuchota kipande cha mfupa kikapimwe, na mimi nadhani familia yoyote inapaswa kuuliza kama hilo litafanyika.

Kusubiri, ambako si kukaa bure

Mivunjiko mingi ya aina hii hutulia ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu wala sindano. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kumweleza mtu anayemsikia mama yake akilia usiku.

Kusubiri kunakofaa kunaonekana hivi. Siku chache za mwanzo apumzike kitandani, lakini zisiwe wiki. Mzee anayelazwa mwezi mzima anapoteza misuli na mfupa zaidi, anapata vidonda vya mgongo, mapafu yanajaa, damu inaganda miguuni. Dawa ya maumivu itolewe kwa saa, isisubiri maumivu yapande: paracetamol iwe msingi, na ikihitajika dawa kali zaidi kama tramadol kwa siku chache. Tramadol hufunga choo, na mzee anayejikamua chooni akiwa na pingili iliyovunjika anaumia mara mbili, kwa hiyo apewe na kitu cha kulainisha. Dawa za jamii ya diklofenaki ni za kuangalia sana kwa mwenye presha, vidonda vya tumbo au figo dhaifu, nazo ndizo zinazogawiwa kama karanga.

Mkanda? Unawasaidia wengine kuinuka na kukaa. Ushahidi wake ni hafifu, na ukivaliwa miezi unaifanya misuli izembee. Mimi huukubali kwa wiki chache, wakati wa kutembea tu.

Kinachobadilisha maisha zaidi ni kumfundisha mtu kutoka kitandani. Ageuke ubavu, mabega na nyonga pamoja kama gogo, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Mama mkubwa alikuwa anavutwa mikono yote miwili na wajukuu kila akitaka kwenda msalani, yaani kila safari pingili inabonyezwa upya. Tulipolibadilisha hilo, siku ileile sauti yake ilibadilika. Swala akaanza kuswali kwenye kiti, kwa kuwa rukuu na sijida ndiyo miinamo ambayo sehemu ya mbele ya pingili haiitaki. Ufagio mfupi, mbuzi ya kukunia nazi, choo cha kuchuchumaa, kiti cha nyuma cha daladala kwenye matuta: vyote hivyo vina uzito kuliko mkanda wa bei mbaya.

Ubaya wa njia hii ni kwamba pingili hupona ikiwa imebonyea hivyohivyo, na kwamba wapo wachache ambao hawaponi. Wengine mfupa wao wa ndani unakufa, unabaki uwazi wenye hewa au maji, na maumivu yanarudi wiki kadhaa baadaye wakati wote wamekwisha kushukuru Mungu. Hali hiyo inaitwa ugonjwa wa Kümmell, kwa jina la daktari mpasuaji wa Ujerumani aliyeieleza katika karne ya 19.

Simenti ya moja kwa moja

Jina lake la hospitali ni vertebroplasti. Ilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1984 mjini Amiens, Ufaransa, mikononi mwa Galibert na Deramond, tena si kwa osteoporosisi bali kwa uvimbe wa mishipa ya damu uliokuwa umeila pingili ya pili ya shingo ya mgonjwa mmoja. Baadaye ndipo ikahamia kwa wazee.

Mgonjwa hulala kifudifudi, mara nyingi kwa ganzi ya mahali pamoja na dawa ya kumtuliza, nusukaputi si lazima. Daktari, akiangalia eksirei inayotembea kama video, hupitisha sindano nene kwenye nguzo ya nyuma ya pingili mpaka ndani ya tofali. Simenti yenyewe ni PMMA, aina ya plastiki inayotumika pia kushikiza nyonga za bandia, imechanganywa na bariamu ili ionekane kwenye picha. Inaingia ikiwa nzito kama dawa ya meno, mililita chache tu, na ndani ya dakika chache imekuwa jiwe, ikitoa joto. Hakuna mshono wa kusema. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake.

Hatari kubwa ni kuvuja. Siti skani baada ya kazi mara nyingi huonyesha simenti kidogo nje ya mfupa, na kwa wengi haina neno. Ikivujia kwenye mfereji wa mishipa ya fahamu, miguu inaweza kupooza. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, kipande kinaweza kusafiri hadi mapafuni. Ni nadra, lakini si hadithi ya kutishana. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda lazima aseme mapema.

Sasa, inasaidia? Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 madaktari walikuwa na hakika: wagonjwa waliingia kwa machela wakatoka kwa miguu. Halafu mwaka 2009, katika toleo moja la jarida la New England Journal of Medicine, yakatoka majaribio mawili yaliyowakasirisha wengi. Moja lilikuwa la Australia, watu 78. Jingine, watu 131, liliongozwa kutoka Marekani. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu simenti ya kweli, nusu upasuaji wa kuigiza. Na uigizaji ule ulikuwa kamili. Mgonjwa alilazwa kifudifudi kwenye chumba kilekile, akachomwa ganzi, mgongo ukabonyezwa au kugongwagongwa, na simenti ikafunguliwa pembeni ili harufu yake kali ijae chumbani. Simenti haikuingia. Mwezi mmoja baadaye makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na kwa kiasi kisichotofautiana.

Nimewaona wazee wakicheka ninapowasimulia hivi: "Kumbe hata harufu inatibu!" Lakini maana yake si kwamba walikuwa wanajifanya wagonjwa. Ganzi yenyewe inafanya kazi, muda nao unafanya kazi, na mtu akiamini ametibiwa anathubutu kuinuka na kutembea, na kutembea huko ni tiba.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito. Majaribio yale yaliwachukua hata watu ambao pingili zao zilivunjika miezi mingi nyuma, hadi mwaka mzima. Kwenye lile la Marekani mgonjwa aliruhusiwa kubadili kundi baada ya mwezi mmoja, na waliobadili walikuwa wengi zaidi upande wa kuigiza. Basi Australia wakafanya jingine, VAPOUR, lililotoka mwaka 2016: watu 120, mvunjiko usiozidi wiki 6, maumivu 7 au zaidi kati ya 10. Siku ya 14, asilimia 44 ya waliopata simenti walikuwa wameshuka chini ya 4, dhidi ya asilimia 21 ya walioigiziwa. Watetezi wakapumua. Miaka miwili baadaye Uholanzi, katika jaribio la watu 180 wenye mivunjiko mipya, tofauti ikapotea tena.

Kwa hiyo usishangae nchi kutofautiana. Chama cha madaktari wa mifupa cha Marekani, AAOS, mwaka 2010 kilipendekeza kwa nguvu isifanywe kwa mivunjiko ya osteoporosisi isiyogusa mishipa ya fahamu. Uingereza, NICE, taasisi inayoshauri tiba zipi zitumike huko, ilikubali mwaka 2013 simenti na puto pia, kwa masharti: maumivu makali yasiyotulia kwa dawa, mvunjiko mpya usiopona, na daktari amethibitisha kwa mkono na kwa picha kwamba maumivu yanatoka hapohapo. Wote walisoma karatasi zilezile.

Mimi nimesimama wapi? Naona simenti ina nafasi ndogo lakini ya kweli. Ni kwa yule aliyekwama: kageuzwa, kapewa dawa kwa saa, bado hawezi kukaa kula, mapafu yanaanza kukoroma, na MRI inang'aa. Kwa mtu huyo nafuu ya wiki mbili si jambo dogo, inaweza kuwa ndiyo iliyomwondoa kitandani kabla nimonia haijafika. Kwa anayelalamika lakini anatembea hadi mlangoni, sioni cha kumpeleka huko.

Puto

Kaifoplasti ni mdogo wake simenti. Mark Reiley, daktari wa mifupa wa Berkeley, California, ndiye aliyelifikiria puto, na Marekani iliruhusu kifaa hicho mwaka 1998. Sindano huingia kwa kawaida pande zote mbili, kila moja inapitisha puto dogo, puto linajazwa maji yenye rangi ya eksirei na kuusukuma mfupa juu kama jeki ya gari. Kisha linapunguzwa, linatolewa, na simenti nzito zaidi inajazwa kwenye shimo lililobaki bila kulazimishwa. Kwa sababu hiyo uvujaji hupungua, na huo ndio ubora wake usiobishaniwa sana.

Kinachouzwa zaidi, yaani kunyoosha mgongo, kimetiwa chumvi. Kimo kinarudi kwa sehemu, kingine kinapotea puto likipunguzwa, na pembe inayorudi ni ya nyuzi chache. Mgongo uliopinda kwa pingili tatu za zamani hautanyooka kwa kuinua moja. Jaribio la FREE la mwaka 2009, watu 300, lilionyesha waliopata puto walikuwa na hali bora zaidi mwezi wa kwanza kuliko waliosubiri, na pengo likapungua kufikia mwaka. Ila pale hakuna aliyeigiziwa; kila mtu alijua amepewa nini. Puto na simenti ya kawaida vilipowekwa ana kwa ana, nafuu ya maumivu ilikaribiana mno.

Bei haikaribiani. Kifaa cha puto ni cha kutumika mara moja na ni ghali zaidi, na hospitali nyingi hupendelea kulifanya kwa nusukaputi, ambayo kwa mwenye pumu kama mama mkubwa ni gharama ya aina nyingine. Ukiletewa makadirio, uliza kama ndani yake mna kifaa, mtaalamu wa usingizi, MRI na kitanda, au ni "upasuaji" tu. Na kama ni bima, upate kibali kilichoandikwa jina la upasuaji wenyewe kabla hujasaini. Vipo pia vyuma vidogo vinavyofunguka ndani ya pingili kama jeki na kubaki humo, ndugu zake puto. Hoja zake ni hizohizo.

Nilimwambia binamu wa Muscat: ukweli, kama ni lazima iwe sindano na ukuta wa nyuma wa pingili umepasuka, puto lina mantiki, kwa kuwa hapo kuvuja ndiko kunakotisha. Kama ukuta ni mzima, pesa ya ziada ningeipeleka kwenye dawa za mfupa.

Vyuma

Hapa kaka alikosea kabisa, ingawa nia ilikuwa njema. Skrubu na fito ni kwa ajili ya mtu ambaye mfupa umesukumwa nyuma ukabana mishipa ya fahamu, au mgongo umekuwa hauna uthabiti. Dalili zake hazijifichi: miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, mkojo unagoma au unatoka wenyewe, sehemu za siri hazihisi. Hiyo ni dharura ya leo, si ya kusubiri kikao cha familia wala viza ya India. Tanzania wengi hupelekwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Popote ulipo, nenda palipo na mpasuaji wa mgongo.

Bila dalili hizo, vyuma kwa mfupa wa osteoporosisi ni kazi ngumu. Skrubu kwenye mfupa laini ni kama msumari kwenye papai: hung'oka. Wapasuaji hulazimika kushika pingili nyingi juu na chini, pengine kuzitia skrubu simenti pia, na ile pingili ya juu ya fito inakuwa ya kwanza kuvunjika baadaye. Kuna damu, kuna nusukaputi ya saa kadhaa, kuna wiki za kupona. Anayehitaji, anahitaji. Asiyehitaji asitamanishwe.

Pingili zilizobaki

Simenti inashika pingili moja, na ugonjwa uko kwenye mifupa yote. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulikuta kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watano aliyevunjika pingili huvunjika nyingine ndani ya mwaka unaofuata. Kama simenti ngumu huongeza hatari kwa pingili jirani, wataalamu bado wanabishana. Ikivujia kwenye diski, wasiwasi ni mkubwa zaidi.

Ndiyo maana nilikasirika nilipoona makadirio ya hospitali ile ya binafsi. Kurasa mbili, simenti, sindano, chumba, chakula, na hakuna mstari hata mmoja wa dawa ya osteoporosisi. Ni kama fundi anayebadilisha kigae kimoja huku mchwa wako darini.

Dawa zipo na nyingine si ghali. Alendroneti ya miligramu 70 humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha mtu akae wima nusu saa bila kulala, la sivyo inaunguza koo. Asiyeweza kukaa nusu saa kwa sababu ya mgongo hawezi kuimeza, na hilo huwa halifikiriwi. Kwake dripu ya asidi ya zoledroniki, miligramu 5 mara moja kwa mwaka, ni rahisi zaidi. Katika jaribio lake kubwa ilipunguza mivunjiko mipya ya mgongo kwa asilimia 70 ndani ya miaka mitatu. Kabla ya dripu figo zipimwe, vitamini D na kalsiamu virekebishwe, na meno mabovu yashughulikiwe. Ipo denosumabu, sindano ya kila miezi sita, nzuri, lakini ukiiacha ghafla bila dawa ya kuipokea mifupa hurudi nyuma kwa kasi na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa mpigo. Kama hamna uhakika wa kuipata kila miezi sita, msiianze. Na steroidi za mama mkubwa, ambazo nazo hudhoofisha mfupa: hazikuachwa ghafla, maana hilo nalo ni hatari. Daktari wa kifua alimhamishia kwenye ya kuvuta na akapunguza vidonge taratibu.

MRI tuliipata siku ya 15. Pingili ya 12 ya kifua iling'aa, diski zilikuwa salama, ukuta wa nyuma mzima, hakuna usaha. Tulikubaliana na daktari kungoja wiki mbili zaidi, na tarehe ya simenti ikaandikwa kabisa kwenye kalenda kama hatakuwa amekaa kula peke yake. Siku nne kabla ya tarehe hiyo alikula wali mezani, akalalamika kwamba samaki amekauka. Tuliifuta tarehe.

Swali lake la kibiongo nililijibu kama lilivyo: ameinama kidogo, na ataendelea kuinama kidogo, na puto lisingembadilishia hilo kwa kiasi ambacho angekiona kwenye kioo. Madera yake yote yalianza kuburuza chini, tukayapunguza pindo. Dripu ya kwanza ameshapata, ya pili ni mwakani. Mbuzi ya nazi nimeitoa jikoni, nazi inakunwa kwa mashine sokoni, naye kila Ijumaa ananiambia tui la mashine halina ladha.